Mafunzo ya Udereva wa Malori Marekani: Someni Mkataba Kabla ya Kushukuru



Wapo wazazi wa pwani yetu ambao vijana wao wamehamia Marekani kwa kadi ya kijani, na miongoni mwa kazi ambazo wageni huzikimbilia huko ni udereva wa malori makubwa. Kijana hupiga simu nyumbani kwa furaha: kampuni imekubali kumfundisha, kumpa malazi na kumfikisha kwenye leseni, wala haimdai senti. Mama humshukuru Mola. Kushukuru ni wajibu, lakini na aulize pia: nani analipa, na kwa sharti gani?

Mafunzo hayo si sadaka, ni deni. Shule hugharimu dola elfu kadhaa. Kampuni huzilipa, na mwanafunzi hutia saini kwamba ataitumikia kwa muda maalumu, aghalabu mwaka mmoja. Akiutimiza, deni hufutika. Akiondoka kabla yake, hudaiwa. Mikataba mingine hupunguza deni kila mwezi anaofanya kazi. Mingine hulidai lote hata akiwa amebakisha siku chache.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Na wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kijana aombe nakala ya mkataba kabla ya kusafiri kwenda shuleni, si baada ya kufika akiwa hana nauli ya kurudi. Aulize: nikifeli mtihani, nadaiwa? Nikiugua? Nikifukuzwa? Katika mafunzo nalipwa, na ni kiasi gani? Apewe majibu kwa maandishi.

Mafunzo yenyewe huanza kwa kupimwa afya na mkojo. Bangi humharibia dereva kazi hata katika majimbo yaliyoihalalisha, kwani huyu huhukumiwa kwa sheria ya serikali kuu. Miraa, ambayo huku huuzwa hadharani, huko imepigwa marufuku. Kisha hufanya mtihani wa nadharia na kupata kibali cha mwanafunzi, ambacho ni lazima akae nacho siku 14 kabla ya mtihani wa kuendesha. Shule huchukua kama wiki tatu au nne: kukagua lori, kurudi nyuma na trela, kisha barabara kuu. Anayetaka kuvuka mipaka ya majimbo awe ametimiza miaka 21. Na ajifunze Kiingereza cha kusoma alama na kumjibu askari, kwani tangu Juni 2025 asiyekimudu husimamishwa pale pale barabarani.

Akishapata leseni, bado hajawa dereva kamili. Hufuata wiki kadhaa za kusafiri na mkufunzi, watu wawili ndani ya kebini moja, wakila na kulala humo mbali na nyumbani. Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, na hapa ndipo dini yake hujaribiwa. Sheria humruhusu dereva kuendesha saa 11 baada ya mapumziko ya saa 10, na humlazimu kupumzika nusu saa akishaendesha saa 8. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, kwa hiyo apatane na mkufunzi mapema kuhusu vituo. Binti naye aulize, kabla ya kutia saini, kama atapangiwa mkufunzi mwanamke, maana si kila kampuni huahidi hilo.

Aseme mapema pia ikiwa hatabeba pombe. Mwaka 2015 mahakama katika jimbo la Illinois iliwapa madereva wawili Waislamu wenye asili ya Kisomali fidia ya dola 240,000, kwa kuwa walifukuzwa walipokataa kuibeba ilhali kampuni ingeweza kuwapa mzigo mwingine.

Mwisho, ajihadhari na maneno matamu yanayokuja baada ya mafunzo: kodi lori letu, uwe tajiri wa nafsi yako. Malipo ya lori hukatwa kila wiki, mzigo uwepo au usiwepo. Mgeni asiyejua kazi huweza kumaliza wiki nzima barabarani akabaki na deni.

Nanyi mama zetu, mna sehemu yenu. Mshahara wa miezi ya kwanza ni mdogo, na madereva wengi hulipwa kwa maili, hivyo lori likisimama, pesa nazo husimama. Msimtwike karo, kodi na harusi tangu mwezi wa kwanza. Kijana aliyebanwa na nyumbani hutia saini asichokisoma, au huvunja mkataba akifuata dola chache kwingine na kujitwika deni. Mpeni mwaka wake autimize. Akitoka ana leseni, ana uzoefu, na hadaiwi na mtu, msaada wake utakuja wenyewe, na utakuwa na baraka.