Wasaidiwe wakiwa ndani ya masomo

Kijana aliyeingia darasa la saba Septemba 2019, kama hakurudia, alifikia Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo (DRC), mwaka 2025. Katikati, Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi uliofuata mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Na vita viliendelea kusukuma familia kutoka nyanda za juu hadi kando ya Ziwa Tanganyika. Huyo ndiye anayeingia chuoni sasa, na walimu wanalalamika kwamba hajui kuandika. Wanasema kweli. Lakini ukiondoa insha ya Kifaransa na majaribio mengine ya kabla, Exetat ilimtaka hasa achague jibu kati ya yaliyoandikwa tayari. Kisha anakutana na mfumo wa LMD (Licence-Master-Doctorat), ulioenea nchini tangu 2021-2022: krediti 60 kwa mwaka, na ndani ya kila krediti kuna saa za kujisomea. Kujisomea kwa Kifaransa ndiko hasa ambako hakufundishwa.

Wako wanaotaka mwaka mzima wa maandalizi. Siuungi mkono. Mzazi wa Mulenge au Lemera angelipa minerval, yaani ada ya chuo, na nyumba ya kupanga Uvira bila mtoto kupata krediti hata moja, na wengi wangeishia hapo. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilijaribu njia tofauti kwa wanafunzi dhaifu katika hesabu, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 2016: waliowekwa moja kwa moja katika somo la takwimu la ngazi ya chuo, wakaongezewa saa za msaada kila wiki, walifaulu asilimia 56, waliorudishwa kwenye aljebra ya maandalizi, asilimia 39. New York si Uvira, najua. Hata hivyo umaskini wa wakati na pesa unawabana wanafunzi kote kuwili, na kwetu unabana zaidi.

Kwa hiyo muhula wa kwanza uwe na saa za msaada zilizofungamana na somo lenyewe: asistanti asome kurasa tatu na wanafunzi, wazijadili kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aandike muhtasari kwa Kifaransa na urudishwe umesahihishwa. Kiswahili ni lugha ya taifa. Mfuliiru, Mbembe na Munyamulenge wanakitumia pamoja sokoni, basi kitumike kufikiri. Atakayesema kiwango kitashuka akumbuke kwamba mtihani unabaki uleule. Kuhusu walimu, pingamizi ni zito, maana asistanti wengi hawalipwi ipasavyo na Serikali. Ila saa zinazoishia katika kunakilisha noti tayari zimo kwenye ratiba, na vyuo vinaweza kuanza na hizo muhula ujao.