Bahasha Mbele ya Madhabahu

Jemadari Naamani alipotoka mtoni Yordani, ngozi imetakata kama ya mtoto, alimrudia nabii Elisha na fedha, dhahabu na mavazi. Elisha akaapa hapokei kitu. Mtumishi wake Gehazi hakuvumilia. Alimkimbilia yule jemadari njiani, akatunga uongo wake, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Siku hiyohiyo ukoma wa Naamani ukamwandama yeye. Nimesikia mahubiri mengi nchini Kenya kuhusu Naamani kujichovya mara saba. Ya Gehazi nimeyasikia mara chache, na sababu naijua: siku hizi Gehazi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Mnaijua hiyo Jumapili. Ibada inaanza saa nne, lakini mheshimiwa hajafika, basi kwaya inaongezwa wimbo, na mwingine, na mwingine. Magari yanaingia uani yakitimua vumbi. Mama mzee aliyewahi tangu alfajiri anaondolewa kiti cha mbele ili mlinzi akae. Kisha kipaza sauti kinamfikia mgeni, naye anaapa hakuja kufanya siasa. Baada ya dakika 10 ameshawatukana wapinzani wake wote. Inatoka bahasha, kiasi kinatajwa, vigelegele! Mhubiri anamwekea mikono kichwani. Hakuna anayemuuliza alikozitoa pesa hizo.

Mwaka 2024 ulituvua nguo. Juni 25 vijana walimiminika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakapigwa risasi. Walikuwa wameshaanza kuyanyooshea kidole makanisa pia, kwamba yamegeuka majukwaa. Julai, moto ukiwa bado unafuka, Rais William Ruto akapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba 14 maaskofu Wakatoliki wakasema waziwazi kuwa uongo umekuwa utamaduni serikalini, wakalaani ushuru unaokamua watu na utekaji wa raia. Siku tatu baadaye, rais huyohuyo wa marufuku alikuwa katika kanisa la Soweto, Kayole, akitoa milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 za kwaya na baraza la parokia, na ahadi ya basi juu.

Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza pesa zirudishwe. Zote.

Nilishangilia, sikatai. Lakini baadaye nikajiuliza: kwa nini agizo lile lilikuwa habari kubwa hivyo? Kwa nini nchi nzima ilipigwa na butwaa kwa sababu kanisa limekataa pesa? Ni kwa sababu tulishazoea lipokee. Na Machi ya mwaka uliofuata, kanisa moja la Roysambu lilipewa milioni 20 mchana kweupe.

Hatukuwa hivi. Agosti 1990 waziri wa leba, Peter Okondo, alimwonya Askofu Alexander Muge wa Eldoret kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Muge alienda. Aliongoza ibada, akaanza safari ya kurudi, gari lake likagongana na lori, akafa. Serikali ilisema ni ajali. Okondo akajiuzulu. Viongozi wa kanisa kina Muge, Okullu, Gitari na Njoya walisimama kwenye mimbari wakati bunge zima lilikuwa limefyata mkia, na upigaji kura wa mlolongo ulikuwa umegeuza wizi kuwa hesabu rasmi. Hawakuwa malaika, walikuwa na makosa yao. Ila hawakuwa na deni la mabati kwa mtu yeyote. Hapo ndipo penye siri: ulimi wa mhubiri hufungwa na paa la kanisa lake.

Mtaniletea Warumi 13, kwamba mamlaka yametoka kwa Mungu. Sawa. Isomeni yote, mfike pale mtawala anapoitwa mtumishi wa Mungu kwa faida yenu. Mtumishi hukaguliwa. Nabii Nathani hakumwombea Daudi dua ya kuongezewa utawala baada ya mfalme huyo kumuua Uria. Alimkabili uso kwa uso. Nasi tungekuwepo, tungemkaribisha Daudi asalimie kanisa.

Wala tusiwatwike wachungaji peke yao. Wanaopiga makofi ni sisi, waumini. Wiki nzima tunamlaani mwizi kwenye matatu, Jumapili tunampisha kiti. Kanisani kwetu mimi mwenyewe nilishika kikapu kilichopokea bahasha kama hiyo, nikatabasamu, kwa sababu tulihitaji choo. Choo kilijengwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja mtu yule kwenye mahubiri, hata kesi yake ilipojaa magazetini.

Uchaguzi wa 2027 ndio msimu wao wa mavuno, na bahasha zitanona. Wazee wa kanisa, akija aketi benchi la nyuma, asikize neno, atoe sadaka yake kimyakimya kama yule mama mzee. Kipaza sauti kizimeni.