Kura ya Filamu: Mpe Kila Mtu Zaidi ya Moja

Leo tuweke kando mambo ya hifadhidata. Nataka kuzungumzia jambo linalonikera mimi kama mwandishi wa programu na mpenzi wa sinema za zamani: namna watu wanavyopiga kura kuchagua filamu ya kutazama.

Sisi ni marafiki 11. Jumamosi mbili kila mwezi tunakutana kwangu, tunatundika shuka ukutani, tunaazima projekta na kutazama filamu iliyotengenezwa kabla hatujazaliwa. Filamu yenyewe tulikuwa tukiichagua kwa kura: kila mtu anataja moja, yenye kura nyingi inashinda. Ni rahisi, sivyo?

Haya, tazama matokeo ya siku moja. Enter the Dragon (1973) kura 4, Casablanca (1942) kura 3, Roman Holiday (1953) kura 2, 12 Angry Men (1957) kura 2. Bruce Lee akashinda. Lakini hesabu tena: watu 7 kati ya 11 hawakutaka ngumi jioni ile. Walitaka kukaa na kusikiliza watu wakizungumza, ila filamu za aina hiyo zilikuwa tatu, wakagawana kura. Jambo hili lilijirudia mara nne mfululizo, na wenzetu wawili wakaanza kuwa na "shughuli" kila tunapokutana. Bruce Lee nampenda sana, lakini si kiasi cha kupoteza marafiki.

Basi nikaandika programu ndogo ya Python. Kila mtu anaweka alama kwenye kila filamu ambayo angefurahia kuitazama, hata zote akitaka. Nikawaomba warudie orodha ileile. 12 Angry Men, iliyokuwa mkiani, ikapata alama 9. Enter the Dragon ikapata 5. (Kichekesho ni kwamba 12 Angry Men yenyewe inahusu watu waliofungiwa chumbani wakipiga kura, 11 dhidi ya mmoja.)

Rafiki mmoja aliuliza kwa nini nisitumie kura ya kupanga 1, 2, 3, kama inayotumiwa kuchagua filamu bora ya Oscar tangu tuzo za 2010, washindani walipoongezwa kutoka 5 hadi 10. Inayoshika mkia huondolewa, na kura zake huhamia chaguo linalofuata la wapigaji wake. Ni mfumo mzuri. Lakini jaribu kumweleza mtu mwenye njaa, saa moja jioni, kwa nini filamu iliyoongoza duru ya kwanza imeshindwa! Alama zangu mtu anazihesabu kwa vidole. Kura isiyoweza kukaguliwa na aliyeipiga haiaminiki, na sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa hilo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo programu yangu haikuweza kulitatua. Jarida la Sight and Sound la Uingereza limekuwa likipigisha kura ya filamu bora kila miaka 10 tangu 1952. Kila mhakiki hutaja filamu 10, na kila moja huhesabiwa kura moja. Citizen Kane iliongoza tangu 1962 hadi Vertigo ilipoishinda 2012, kwa kura 191 dhidi ya 157. Mwaka 2022 ikashinda Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, zaidi ya saa tatu za mama na kazi zake za nyumbani. Utaratibu wa kuhesabu ni uleule. Kilichobadilika ni wapiga kura: kutoka 846 hadi zaidi ya 1,600, na kila mtu huja na alichokwisha kukiona.

Kwetu, mwenzetu mmoja alipendekeza Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya Senegal, 1973. Alama alizopata ni moja, yake mwenyewe. Akaipendekeza tena: moja. Mara ya tatu hakupendekeza kitu. Hakuna aliyeichukia filamu ile. Hatukuwa tumewahi kuisikia tu, na mtu hapigi kura kwa asichokijua.

Kwa hiyo nimefuta kura kwenye kila Jumamosi ya nne. Siku hiyo mtu mmoja anachagua, kwa zamu, na wengine tunanyamaza na kutazama. Wawili wamelalamika kwamba huo ni udikteta. Sawa, zamu yao itafika. Jumamosi ijayo ni ya mwenzetu wa Touki Bouki, na shuka nimeshalifua.