*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: ALIYETOA AMRI NI NANI?*



Tangu juzi kundi letu limejaa hoja moja: "Waziri ajiuzulu, yaishe." Kamati ya tawi imekaa na inasema hivi: kujiuzulu tunakudai, lakini hayaishii hapo.

Hili si geni kwetu watu wa Mwanza. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliingia vijijini Mwanza na Shinyanga kusaka wauaji wa vikongwe. Kazi yenyewe ilikuwa halali, nani asiyetaka bibi yake alindwe? Lakini watu walikamatwa, wakateswa, wengine wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Yeye hakumpiga mtu hata kofi. Akaondoka na Waziri Peter Siyovelwa, wakaondoka na wakuu wa mikoa yote miwili. *Na haikuishia kwa wakubwa:* maofisa wa polisi na usalama walipandishwa kizimbani. Hiyo ni enzi ya chama kimoja, bila upinzani bungeni, bila simu za kupiga picha. (Mzee Mwinyi baadaye akawa balozi Misri, na 1985 Rais. Wanaong'ang'ania viti wasituambie kujiuzulu ni kuzikwa.)

Sasa linganisheni na Operesheni Tokomeza, 2013. Wananchi waliuawa, wanawake wakadhalilishwa, ng'ombe wakapigwa risasi. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ikasoma taarifa yake Desemba, na mawaziri wanne wakang'oka siku moja: Kagasheki, Nahodha, Nchimbi na Mathayo. Tulishangilia, hata sisi tunaoandika hapa. Tuliwahi mno. Waziri kuvuliwa cheo hakumwambii mjane wa mfugaji nani alimpiga mumewe risasi, na kwa amri ya nani. Leo Dkt. Nchimbi ni Makamu wa Rais. Hatusemi yeye alifyatua. Tunasema cheo hurudi, marehemu harudi.

Ndiyo maana kwa risasi za Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata hatupokei kafara ya waziri. Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman imeteuliwa na Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Hapo tu pana kasoro. Tunachotaka kujua: nani aliruhusu risasi za moto, kikosi gani kilikuwa mtaa gani, na kesi itasikilizwa lini mahakamani, mbele ya watu.

*Kazi ya wiki hii.* Kila mjumbe apite kwa familia zilizopoteza mtu, mjini mpaka mialoni. Andika jina, siku, mahali alipoonekana mwisho, na kama mwili ulipatikana. Andika kwenye daftari, SI HUMU KUNDINI. Picha za marehemu msizirushe, mama zao wana simu pia.

Daftari likabidhiwe mkono kwa mkono. Kikao Jumapili saa 10 jioni, mahali pale pale.

Katibu wa Tawi