Misimbo ya Maradhi Yataka Lugha Makini

Mgonjwa wa Komarock aingiapo zahanati husema ana sukari, presha au homa. Daktari huandika maradhi, kisha afisa wa rekodi huyageuza kuwa msimbo. Hiyo ni tafsiri, na ikipotoka, dawa huagizwa kwa hesabu potofu.

Orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliidhinishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Kisukari cha aina ya pili, kilichokuwa E11 katika orodha iliyotangulia, sasa ni 5A11. Wapo wakuu wa hospitali wadhanio kwamba kununua kompyuta ndiko kujitayarisha. La hasha! Programu hutafuta msimbo upesi, lakini haiwezi kukisia kilichofichwa na neno "homa" lililoandikwa kwa haraka. Je, ni malaria, taifodi au mafua?

Wafunzwe kwanza wanaoandika: madaktari, maafisa wa kliniki na wauguzi. Nao walimu wa maafisa wa rekodi wafundishe istilahi za maradhi kwa Kiswahili pia, maana ndiyo lugha ambayo mgonjwa wa Komarock hujielezea kwayo.