Hujawahi kuangalia anime? Anzia shambani

Mwaka wa 2025 vijana wa Indonesia na Nepal walibeba bendera ya fuvu lililovaa kofia ya majani kwenye maandamano. Kama uliuliza "hiyo nayo ni nini?", basi hii ni yako. Ni bendera ya One Piece, anime ya Japani kuhusu maharamia wanaopambana na serikali dhalimu.

Lakini usianze na hiyo. Imeonyeshwa tangu 1999, ina vipindi zaidi ya 1,100. Bando itaisha kabla stori haijachemka.

Wewe msee wa Wote, Mwingi ama Kibwezi, anza na Silver Spoon ya 2013. Msimu wa kwanza ni vipindi 11 tu, na hakuna panga wala mashetani. Hachiken, kijana wa mjini, anajiunga na shule ya kilimo huko Hokkaido. Anampa mtoto wa nguruwe jina, halafu siku ya kuchinjwa inafika. Kama ulichunga mbuzi akauzwa ulipiwe karo, utaelewa.

Kwenye msimu wa pili kuna Komaba. Shamba la ng'ombe la kwao linafilisika, anaacha shule. Hapo nilinyamaza, maana mimi pia niliacha chuo kwa kukosa karo. Kwetu ukiacha masomo unaulizwa ulikosea wapi. Hakuna anayeuliza dalali alinunua maembe kwa bei gani mwaka huo, ama mvua ilikosa mara ngapi.

Iangalie na mzazi wako jioni moja. Kisha muulize shamba lina deni ngapi.