Kompyuta Ilisema Imekamilika, Ziwa Likiwa Angani

Najua nimepotea humu wiki tatu nzima, na wengine mmeshaanza kunong'ona kwamba nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa nahangaika na ziwa. Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Kisa chenyewe ni hiki. Alhamisi usiku mshkaji mmoja wa chumba cha jirani alinikuta bado niko kwenye laptopu, akachungulia, akaangua kicheko. "Bado tu na hicho kimeo? Futa, weka upya. Kikigoma achana nacho, mchezo wenyewe wa enzi za Mkapa!" Wenzake wakaunga mkono. Usiku ule nilinyamaza. Leo najibu, na najibu kwa urefu.

Jamani, hii "futa, weka upya" ni ugonjwa. Na sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaousambaza nchi nzima tusipojitibu mapema.

Kwanza niwaeleze nilichokuwa nafanya, maana wengi mnadhani nacheza tu. Nilipokuwa BTP kule nyumbani Muleba nilifundisha Vita ya Kagera. Nikamwaga tarehe zote kama nilivyomwagiwa: Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zinadondosha mabomu Bukoba, Novemba 1 Amin anatangaza kwamba ardhi yote mpaka Mto Kagera ni ya Uganda, Novemba 3 daraja la Kyaka linalipuliwa, Aprili 11, 1979 Kampala inaanguka. Nikajiona mwalimu kweli. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani daraja likivunjwa si wangezunguka?"

Nilibaki nimeduwaa na chaki mkononi. Nilijua tarehe ya daraja, sikujua daraja linaunganisha nini na nini. Ramani iliyokuwa ukutani ilikuwa ya Afrika nzima, na Kagera yote ilikuwa sawa na ukucha.

Ndipo nikakumbuka mchezo wa zamani wa kurusha ndege za kivita, wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sitautaja jina. Una MiG ndani yake, unakubali kwenye laptopu yangu chovu, na una programu ya pembeni ya kutengenezea mandhari: milima, maji, barabara, viwanja vya ndege. Nikasema naiweka Kagera humo, wanafunzi warushwe juu ya Kyaka waone mto kwa macho yao. Vimo vya ardhi vinapatikana bure kwenye intaneti. Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia siku 11 kikipima ardhi kwa rada, na data zake zimekatwa vipande vya nyuzi moja kwa moja. Kipande chetu kinaitwa S02E031. Bukoba mjini imo, Muleba mjini imo, Kyaka imo. Kipande kimoja tu!

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza.

Balaa la kwanza: programu ikafunguka, ikajifunga, kimya. Nikafanya mnavyonishauri, nikafuta nikaweka upya. Mara tatu! Bando limekwisha, hakuna kilichobadilika. Baadaye ndiyo nikapata akili ya kupiga hesabu. Kipande kizima kina pointi 1201 kwa 1201, kila pointi baiti mbili, kwa hiyo faili lazima liwe na baiti 2,884,802, si pungufu hata moja. Langu lilikuwa pungufu. Mtandao ulikatika katikati na mimi sikuangalia. Je, kufuta mchezo kungeongeza zile baiti? Mara tatu nimemwadhibu asiye na kosa.

Balaa la pili ndilo lililonipa kichwa cha habari. Mchezo hausomi data hizo moja kwa moja, kwa hiyo niliandika programu fupi ya kuzigeuza. Ikafanya kazi mpaka mwisho, ikaandika "imekamilika". Nafungua, Ziwa Victoria liko mita 28,164 juu. Zaidi ya mara tatu ya Everest! Na hakuna onyo, hakuna herufi nyekundu, hakuna kitu. Kompyuta imeridhika kabisa.

Hapa sikufuta kitu. Nilitengeneza faili la uongo, kila pointi nikaipa mita 1000 tupu, nikaligeuza. Ikatoka -6141. Sasa tumeelewana! Kama tambarare ya kubuni nayo inaharibika, kosa haliko kwenye data za Kagera, liko kwenye mgeuzo wangu. Nikachukua kalamu. Ziwa letu liko mita 1134 hivi juu ya usawa wa bahari. Namba 1134 ni 256 mara 4, jumlisha 110, kwa hiyo baiti zake ni 4 na 110. Zipindue: 256 mara 110, jumlisha 4. Inakuja 28,164 kamili. Data zimeandikwa baiti kubwa ikitangulia, mimi nimezisoma ndogo ikitangulia. Kosa ni LANGU. Mstari mmoja nikaurekebisha, ziwa likashuka duniani.

Balaa la tatu: mashimo. Kwenye yale magenge yanayoshuka ziwani kukawa na visima vya kutisha, kama ardhi imechomwa mkuki. Kumbe rada isipopata kipimo mahali, data huandika -32768, yaani "hapa sijui". Mgeuzo wangu haukuelewa kwamba hiyo si namba bali ni ungamo, ukaichanganya na vimo vya jirani ukatoa wastani. Nikajaza mapengo kwanza, kisha nikageuza. Mashimo yakaisha.

Balaa la nne ndilo lililonikasirisha. Ile programu ya mandhari inapaka maji mahali penye kimo sifuri. Basi. Kwake yeye maji ni bahari, na bahari ni sifuri. Ziwa lililo zaidi ya kilomita moja juu ya bahari ni uwanda wa nyasi. Nikaruka kutoka Bukoba kuelekea mashariki, chini ni majani mabichi mpaka upeo wa macho. Nyanza yote imekuwa malisho ya ng'ombe!

Nikaamua kwa mkono kwamba kila chenye 1134 kiwe maji. Safi, Victoria ikarudi. Lakini Ikimba ikabaki kavu, na Burigi ikabaki kavu, kwa sababu kila ziwa lina kimo chake. Nikaongeza kiwango kidogo ili niwe na uhakika wa pwani, nikafuta sehemu ya mwambao. Halafu nikapaka kwa brashi pana, na Musira ikazama. Musira, wadau! Kile kisiwa ambacho mtu akisimama ufukweni Bukoba anakiona mbele yake, nimekizamisha kwa bonyezo moja, na programu ikaandika tena "imekamilika".

Sasa nisikilizeni, maana hoja yangu iko hapa. Nani angegundua kwamba Musira haipo? Mtu wa mbali angepakua ramani yangu, angeruka juu yake, angesema ni nzuri sana. Kompyuta haikujua. Nilijua mimi kwa sababu nimewahi kusimama pale. Hitilafu haionekani na mjuzi wa kompyuta peke yake, inaonekana na anayepajua mahali. Kwa hiyo ninaposikia "hayo waachie watu wa kompyuta" au "subiri wazungu watatoa toleo jipya", nauliza: huyo mzungu wako atajuaje kwamba Ikimba ina maji? Nani atamwambia kwamba uwanja wa ndege wa Bukoba uko ukingoni kabisa mwa ziwa? Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka majini karibu na uwanja huo na watu 19 wakapoteza maisha, waliofika mwanzo kuokoa walikuwa wavuvi. Hawakusubiri ramani. Walipajua.

Na kuna la tano, ambalo hata si hitilafu. Nilipomaliza nikaruka Kyaka, nikafuata barabara kaskazini mpaka Mutukula. Dunia ikakatika! Mbele hakuna kitu, ukuta wa weupe. Nilikaribia kutukana. Kisha nikatazama jina la faili. S02E031 inaanzia nyuzi 2 kusini na kuishia nyuzi 1 kusini. Na mpaka wetu na Uganda pale unafuata nyuzi 1 kusini, mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890, bila kumuuliza Mhaya wala Mganda. Ukingo wa faili langu na ukingo wa nchi yangu ni rula moja.

Nikaongeza kipande cha juu, S01E031, nikaviunganisha. Na hapo, wadau, nikaliona jibu la yule binti. Mto unakuja kutoka magharibi, unapita Kyaka, halafu unapinda kuingia Uganda kabla ya kufika ziwani. Mpaka umenyooka kwa juu, mto uko chini, na katikati kimebaki kipande cha ardhi cha kilomita za mraba 1,800 hivi, cha Tanzania lakini ng'ambo ya mto. Hicho ndicho Amin alichokinyakua. Ukivunja daraja la Kyaka, jeshi linabaki kusini ya maji, na ukizunguka kwa kuufuata mto kuelekea ziwani unajikuta Uganda. Ndiyo maana ndege zake zilihangaika kulipiga daraja zikashindwa, mpaka likategewa baruti kwa chini. Mwaka mzima wa tarehe haukunifundisha hilo. Kipande cha faili kilichokatika kilinifundisha kwa usiku mmoja.

Najua kuna mtakaosema ni mchezo wa vita na vita si mchezo. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote, maana niliambiwa na mzee mmoja jirani yetu Muleba, ambaye mwaka ule alikuwa kijana. Nilimwonyesha kwa mbwembwe. Akatazama muda mrefu, akauliza: "Mjukuu wangu, na wewe humo ndani unakuwa nani? Aliye juu au aliye chini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nilirudi hosteli nikaondoa mabomu yote kwenye ramani yangu. Ndege inaruka, inatazama, inarudi. Anayetaka kulipua Bukoba akatafute ramani nyingine. Ila mzee yule yule, kabla sijafunga, aliweka kidole kwenye kioo akasema, "Hapa pana bonde, mbona umelifukia?" Nikaenda kuangalia. Ni pale nilipojaza yale mapengo ya -32768 kwa wastani. Rada ya angani ilikiri haijui, mimi nikabuni, mzee akajua.

Sasa turudi kwenu, walimu watarajiwa wenzangu. Tunasoma kwa desa la mwaka juzi. Desa likikosea, tunakosea wote kwa pamoja na tunafaulu wote kwa pamoja, kwa sababu msahihishaji naye ana desa hilo hilo. Hilo nalo ni "imekamilika" bila herufi nyekundu. Halafu tutapelekwa shuleni, mtoto atauliza swali kama la yule binti, na sisi tutamwambia "kaa chini, hilo halimo kwenye mtihani". Hiyo ndiyo futa-weka-upya ya darasani. Tunamfuta mtoto.

Mimi nataka tuzoee kitu kingine. Kitu kikigoma, jiulize: nina uhakika na nini? Anzia hapo. Badilisha kimoja, tazama, kisha badilisha kingine. Tengeneza mfano mdogo ambao jibu lake unalijua tayari, kama ile tambarare yangu ya mita 1000. Pasipojulikana, andika hapajulikani, usipake rangi juu. Na kabla ya kulaumu kifaa, hesabu baiti zako. Hayo hayahitaji digrii ya kompyuta, na kusema kweli yangepaswa kuwa muhula wa kwanza wa shahada yetu ya ualimu.

Ramani haijaisha. Ikimba bado kavu. Musira nimeirudisha lakini ina umbo la andazi. Visiwa vya Muleba, Bumbire na wenzake, bado sijavigusa kwa kuogopa kuvizamisha. Kwa hiyo wewe wa Missenyi, wewe uliyekulia Kamachumu, wewe mtoto wa mvuvi, njoo chumbani jioni yoyote unioneshe nilipokosea. Njoo na macho yako tu, laptopu ipo.

Na wewe mshkaji wa chumba cha jirani, ukija, usiniambie nifute. Niambie kwenu mto unapindia wapi.

Haya, umeme umeanza kucheza na nina jaribio kesho saa mbili. Alamsiki.